Sahani Yake Ipo, Deni Ni Lake

Kabla ya kuitisha kikao cha ukoo, na kabla ya kumpeleka kwa shehe au mchungaji, mzazi mwenye kijana mkubwa aliyekwama nyumbani aanze na kazi moja isiyohitaji machozi. Apate taarifa ya miamala ya simu yake ya miezi 6 iliyopita. Kampuni za simu huitoa ukienda kwenye duka lao na kitambulisho. Akae mezani na kalamu, apige mstari chini ya kila muamala uliokwenda kwa mwanawe au kwa mtu aliyeelekezwa na mwanawe, kisha pembeni aandike mambo matatu: sababu iliyotolewa, saa aliyoombwa, na kama sababu hiyo iliwahi kuonekana kwa macho. Nauli ya usaili. Dawa ya tumbo. Kodi ya fremu aliyoahidiwa na rafiki. Simu imeharibika kioo. Nauli ya usaili tena.

Wazazi wengi hudhani watakuta pigo moja kubwa. Kinachoonekana ni matone: 10,000, 20,000, 15,000, mengi yakiwa baada ya saa tatu usiku, na mengi yakiangukia Ijumaa hadi Jumapili, siku za mechi na za baa. Shilingi 20,000 mara tatu kwa wiki ni 60,000. Kwa mwaka ni 3,120,000. Kwa mstaafu mwenye pensheni ndogo hiyo ni dawa yake ya presha, ni bati la nyumba yake. Lakini faida kubwa ya karatasi hiyo ni kwamba inaonyesha mwenendo: nani ndani ya nyumba anaombwa zaidi, saa ngapi analegea, na kwa neno gani. Usipojua tundu liko wapi, huwezi kuliziba.

Kwenye familia zetu mambo haya hujadiliwa kwa methali mbili zinazopigana. Mama anasema mtoto akinyea mkono haukatwi. Baba anajibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Kila mmoja anakwenda zake na methali yake: baba anafoka na kutishia kumfukuza, mama anatuma 15,000 kimyakimya ili kuponya majeraha ya ule ufokaji. Kijana hahitaji kuwa mjanja sana kuishi katikati ya mgawanyiko huo. Ukali wa baba unaongeza huruma ya mama, na huruma ya mama inaongeza ukali wa baba. Ndiyo maana kazi ya pili, kabla kijana hajaambiwa neno lolote, ni wazazi wawili kukubaliana juu ya kiasi kidogo ambacho wote wawili wataweza kukisimamia. Bora sharti moja dogo linaloshikwa na wote kuliko masharti kumi ya baba peke yake.

Sharti lenyewe linatakiwa kuhusu mkono wa mzazi. Kijana wa miaka 28 ni mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Hutamlazimisha kuamka mapema, kuacha kubeti au kuachana na marafiki zake. "Ni marufuku kunywa pombe" ni kauli ambayo utekelezaji wake uko kwake, na akiivunja mara tatu bila lolote kutokea, amejifunza kwamba maneno yako ni kelele. "Ukirudi umelewa, mkeka na maji viko barazani, na hatutazungumza jambo lolote mpaka asubuhi" ni kauli unayoweza kuitekeleza wewe mwenyewe, hata yeye akikataa.

Wapo wanaoamini kwamba njia ni mbili tu, kumbeba au kumtupa. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1999 na William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan wa Chuo Kikuu cha New Mexico uliwafuatilia watu 130 waliokuwa na ndugu wenye tatizo la pombe waliokataa matibabu. Familia zilizofundishwa kujitenga tu na tatizo na kuangalia maisha yao wenyewe ziliona asilimia 13 ya ndugu zao wakiingia kwenye matibabu. Zile zilizofundishwa kumkabili mlevi kwa kikao cha kushtukiza zilifika asilimia 30. Zilizofundishwa njia ya tatu zilifika asilimia 64. Njia hiyo ya tatu ni rahisi kueleza na ngumu kuifanya: akiwa mzima, uwe karibu naye na umfurahie, akiwa amelewa, uondoke bila ugomvi, usifute matokeo ya matendo yake, na siku atakapolegea kidogo, mpango wa matibabu uwe umeshaandaliwa. Ukaribu na uthabiti vilikwenda pamoja, na familia zetu hilo zinaliweza, kwa sababu kumpa mtu sahani ya chakula hata ukiwa umemkasirikia ni jambo tulilolelewa nalo.

Sasa, ugumu wa kijana una sura tofauti, na dawa ya sura moja ni sumu kwa nyingine. Kijana aliyemaliza chuo na kuzunguka na bahasha miaka miwili hana tatizo la mipaka. Ana tatizo la ajira, na kumbana kwa masharti ya mraibu ni kumdhalilisha bure. Huyo anahitaji nauli, chakula, kazi za nyumbani zenye saa maalumu ili siku isimeze akili yake, na mtu wa kumsomea barua zake za maombi.

Yupo mwingine anayeitwa mvivu kumbe ni mgonjwa. Magonjwa makubwa ya akili mara nyingi hujitokeza kati ya miaka ya mwisho ya ujana na ya 20 na kitu, umri uleule tunaotarajia kijana asimame. Anageuza usiku kuwa mchana, anaacha kuoga, anakata marafiki, anacheka au kuzungumza peke yake, anashuku kwamba chakula kina kitu. Masharti hayaponyi ugonjwa huo. Anahitaji kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya mkoa, na kwa hali nzito Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Maombi na dawa havigombani. Kinachoharibu ni miaka miwili ya kuzungushwa bila daktari kumwona. Na akishapewa dawa, familia ijue kwamba za sonona huchukua kama wiki 2 hadi 6 kufanya kazi sawasawa, na kwamba wakati hatari wa kuziacha ni pale anaposema "sasa nimepona". Wajibu wa mzazi hapo ni sanduku la dawa na tarehe ya kliniki ukutani.

Tukija kwa wale wa kamari, mikopo, pombe na unga, yaani heroini, kanuni inayosimama kuliko zote ni hii: toa kisichogeuka fedha. Chakula kilichopikwa, si hela ya chakula. Dawa, unanunua wewe famasi na unatoka nayo. Ada ya VETA unailipa mwenyewe moja kwa moja chuoni, na risiti inabaki kwako. Nauli ya kliniki inakwenda kwa bodaboda mnayemfahamu, hela mnampa nyinyi. Hata nguo za usaili, azime za kaka yake kuliko kununua mpya, maana suruali mpya yenye lebo ni fedha taslimu kwenye mnada wa jioni. Simu janja ndiyo zawadi mbaya kuliko zote katika kipindi hiki: ni mlango wa kubeti, ni mlango wa mkopo, na siku ikibidi ni kitu cha kuweka bondi.

Vitu huondoka nyumbani kwa utaratibu unaofanana karibu kila mahali. Huanza chaja, pasi, sufuria moja kubwa ambayo haitumiki kila siku. Kisha mtungi wa gesi, kwa kuwa hupokelewa haraka na hauna jina la mtu. Kisha runinga. Ukiona pasi haipo, usisubiri mtungi. Funga chumba chako, toa kadi ya benki na vyeti vya nyumba humo ukavitunze kwa ndugu mwaminifu au benki, na badilisha namba za siri za simu zote ndani ya nyumba, ikiwemo ya bibi. Namba ya siri ya bibi aghalabu ni mwaka wake wa kuzaliwa, na mjukuu anaujua. Laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako ambazo huzitumii, kazifunge, kwa sababu mkopo ukichukuliwa kwa laini hiyo jina litakuwa lako.

Mikopo ya simu inahitaji kusimamiwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo wazazi wenye nia njema huongeza moto. Programu nyingi hukopesha kidogo kwa siku 7, 14 au 30, na kila ukilipa kiwango cha kukopa hupanda. Mzazi anayelipa 300,000 zote kwa mpigo ili "aanze upya" anakuwa amemfungulia mwanawe mkopo wa 400,000 jioni ileile. Fanyeni hivi: kaeni naye na karatasi, aandike kila deni, jina la mkopeshaji, alichopokea mkononi, anachodaiwa leo, na tarehe. Tofauti kati ya alichopokea na anachodaiwa imwangalie usoni. Yeye ndiye aandike kwa mkono wake. Halafu angalieni kama mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Deni la mwenye leseni lipangiwe malipo madogo kutokana na kibarua chake, na mazungumzo na mkopeshaji ayafanye yeye.

Usumbufu utafika kwenye simu yako, maana programu hizo husoma orodha ya namba zake. Wataandika kwamba mwanao ni tapeli, watatuma picha yake, watasema uliandikwa kuwa mdhamini. Jibu mara moja tu, kwa maandishi: "Sikusaini mkataba na ninyi na si mdhamini. Msitumie tena namba hii." Hifadhi picha ya kila ujumbe. Ukitishwa au taarifa zako zikisambazwa, una pa kulalamika: Benki Kuu kwa upande wa mkopeshaji, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa upande wa namba na picha zilizotumika bila ridhaa. Kinachowamaliza wazazi wengi ni aibu, wakalipa ili ujumbe usifike kwa majirani. Mkopeshaji anajua hivyo, na kijana naye anakuwa ameona kwamba fedheha ndiyo ufunguo wa pochi ya mama.

Udhamini wa kweli, ule wa kusaini, ukatae hata ukiombwa na mtu mzima mwenye heshima. Mdhamini hasaini kama shahidi wa tabia njema. Mkopaji akishindwa, deni zima ni lake. Hati ya nyumba ya familia ndiyo kabisa isitoke. Wengi hawajui kwamba chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, mwenzi mmoja hawezi kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Baba akishawishika akiwa peke yake, mama ana haki ya kupinga, na mama akielemewa na huruma, baba vilevile.

Niseme kwa mkazo wote kuhusu kufungia watu ndani, kwa sababu hapa makosa huua. Wapo wazazi wanaomfunga kijana chumbani ili "pombe imtoke". Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikatishwa ghafla, ndani ya saa 6 hadi 24 huanza kutetemeka mikono, kutoka jasho, kutapika, moyo kwenda mbio. Degedege linaweza kumpata katika siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 baadhi huchanganyikiwa vibaya, huona wadudu au watu wasiokuwepo, joto la mwili likapanda. Familia hudhani ni mapepo. Ni dharura ya hospitali, na bila matibabu mtu hufa. Huko atapewa dawa za kutuliza kwa vipimo vinavyopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Kwa hiyo mlevi wa kila siku asiachishwe nyumbani kwa nguvu. Mpelekeni hospitali kwanza.

Kwa unga hali ni ya namna nyingine. Arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, huanza saa 8 hadi 24 baada ya kete ya mwisho, hupanda siku ya 2 na ya 3, na maumivu makali hupungua ndani ya wiki moja hivi. Inatesa sana, ingawa kwa mwenye afya ni nadra kuua yenyewe ikiwa anapata maji ya kutosha kufidia kutapika na kuharisha. Hatari kubwa inakuja baadaye. Mwili uliokaa siku 10 bila unga hauwezi tena kubeba kiasi cha zamani. Akirudia kipimo chake cha mwezi uliopita, pumzi inakata. Mzazi anayemfungia siku 10, akamtoa kwa furaha na kumpa 20,000 ya kusherehekea, amemweka kwenye hatari kubwa kuliko ile ya mwanzo, na hakuna aliyemwambia.

Matibabu yapo. Kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya unga, ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, zikafuata nyingine Mwananyamala, Temeke na mikoani. Dawa ni bure, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na ni matibabu ya muda mrefu, mara nyingi ya miaka. Hapo ndipo familia hukosea kwa nia njema: baada ya miezi 3 kijana amenenepa, anasalimia watu, na mjomba anaanza kuuliza "sasa hiyo dawa utaiacha lini?" Akiiacha mapema, wengi hurudi walikotoka. Mjomba aambiwe kwamba mwenye kisukari haulizwi ataacha lini dawa yake. Namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119, na huko mzazi anaweza kuelekezwa kliniki iliyo karibu. Nyumba za upataji nafuu nazo zipo, Bara na Zanzibar, lakini kabla ya kulipa ada tembelea mwenyewe: uliza kama imesajiliwa, uliza daktari anakuja siku gani, angalia wanapolala, na ukiona mtu amefungwa mnyororo, ondoka na mwanao.

Baada ya hesabu na baada ya wazazi kukubaliana, ndipo kikao. Haim Omer wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na wazazi wa vijana wakubwa waliokwama nyumbani, hutaka mzazi atoe tangazo fupi lililoandikwa na awe na watu wa kumuunga mkono. Sisi watu tunao tayari, tatizo ni namna tunavyowatumia: kikao cha ukoo hugeuka mahakama, kila mjomba akaleta kosa la kijana la mwaka 2015, kijana akainamisha kichwa, akaomba radhi kwa wote, na wiki moja baadaye yakawa yaleyale. Punguza. Wazazi, na mtu mmoja tu anayemheshimu, awe mjomba, shangazi au mwalimu wake wa zamani. Asubuhi, si usiku, akiwa mzima, si siku ya ugomvi. Dakika 20 zinatosha. Karatasi isomwe, asipewe nafasi ya kubishana kila mstari, na nakala abaki nayo. Maneno yenyewe yawe mepesi:

"Mwanangu, tunakupenda na hapa ni kwenu. Kuanzia tarehe 1 hatutatoa fedha, mkononi wala kwa simu. Chakula kipo kila siku. Ukiumwa tutakwenda hospitali pamoja na tutalipa sisi. Ukiwa tayari kwa kliniki au chuo, tutalipa hukohuko. Madeni uliyokopa ni yako, ila tutakusaidia kuyapanga. Hatutampigia bosi wako kusema unaumwa. Ukimpiga mtu ndani ya nyumba hii, tutamwita mjumbe na polisi siku hiyohiyo. Tutakaa tena baada ya siku 90."

Ile sentensi ya bosi isiondolewe. Kumfunika kijana kazini kwa malaria ya uongo ndiyo msaada unaopendwa na akina mama na ndio unaochelewesha kupona kuliko fedha, kwa sababu humwondolea mlevi habari pekee anayoweza kuiamini: kwamba Jumatatu yake imeharibika.

Kikao kiambatane na mchango wake. Mwenye kipato chochote achangie kitu kinachoonekana, kwa mfano umeme wa LUKU wa wiki moja kati ya nne. Asiye na kipato achangie saa 2 za kazi zilizotajwa kwa jina: kujaza maji, kufagia uwanja, kumpeleka mdogo wake shule. Kazi isiyotajwa haifanywi, halafu inakuwa chanzo cha matusi.

Kisha itafuata dhoruba, na wazazi wasioitarajia huvunjika hapo. Wiki 2 hadi 4 za mwanzo hali huwa mbaya zaidi: simu mara tisa kwa usiku mmoja, kilio, lawama za utotoni, ukimya wa siku tatu. Mtu aliyezoea mlango kufunguka akisukuma hafifu, mlango ukigoma husukuma kwa nguvu zake zote kabla hajakubali kwamba umefungwa. Ukikataa mara nne ukatoa mara ya tano, humfundishi kwamba wewe ni mkali. Unamfundisha kuomba mara tano. Kamari yenyewe inamshika kwa utaratibu huohuo: haitoi kila mara, inatoa siku usiyoijua. Kwa hiyo kama unajijua hutaweza kukataa ombi fulani, usiliweke kwenye karatasi. Zima simu saa tatu usiku, na jibu liwe moja lisilobadilika: "Nimekusikia mwanangu. Hela sina ya kukupa. Chakula kipo." Usieleze sababu, kila sababu unayotoa itajibiwa.

Tundu linalosahaulika ni ndugu. Shangazi hajui kilichokubaliwa, anaombwa 5,000 na anatoa kwa roho safi. Mpigie kila mmoja kabla ya tarehe 1, kwa maneno yaleyale, na mpe njia ya kusaidia: anayetaka kuchangia alete kilo 5 za unga wa ugali hapa, au alipe mwezi mmoja wa chuo. Watoto wa kijana huyo, kama anao, wakae nje kabisa ya mambo haya. Sare, maziwa na ada ya mjukuu havikatwi kwa sababu baba yake amebeti, na mjukuu asitumike kama chambo na upande wowote.

Kuna ombi moja kubwa ambalo litakuja, hasa mwaka wa kiinua mgongo: mtaji. Milioni 3 za duka, au pikipiki. Usikatae ndoto, punguza ukubwa. Bidhaa za 150,000 zikanunuliwe naye sokoni, daftari la mauzo lijazwe siku 30, na kama bidhaa na fedha zikijumlishwa hazipungui 150,000, ongeza nusu. Daftari tupu ni jibu. Kuhusu pikipiki, usimnunulie halafu ukawa unamdai hesabu ya kila siku. Baba akiwa bosi, kila siku bila hesabu ni ugomvi wa familia. Akate leseni ya daraja A, aanze deiwaka, yaani kuendesha ya mtu kwa siku, au achukue ya mkataba kwa mtu baki. Mtu baki ataichukua pikipiki yake siku ya tatu bila hesabu, jambo ambalo wewe hutalifanya.

Binti naye hupimwa kwa mizani isiyo ya haki. Kaka yake hulala mpaka saa sita mchana miaka mitatu na kuitwa "anatafuta maisha". Yeye akirudi kutoka kwenye ndoa ya kipigo anaulizwa atarudi lini kwa mumewe. Huyo hajakwama, amejiokoa. Anahitaji chumba na muda, na masharti yake yasiwe magumu kuliko ya kaka yake.

Ikiwa kuna kipigo au vitisho vya silaha, mazungumzo ya siku 90 yamekwisha. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyeumizwa achukue fomu PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Na pale inapobidi kijana ahame bila vurugu, mpe tarehe, siku 30, na chumba. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo; lipa ya miezi 3 ya kwanza moja kwa moja kwa mwenye nyumba, mkataba ukiwa kwa jina la kijana, na useme tangu mwanzo kwamba ya nne ni yake. Mlango wa chakula cha Jumapili ubaki wazi.

Akisema atajiua, usipime kama ni kweli au ni mbinu ya kupata hela. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua na kama ana mpango. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mtu akae naye usiku kucha, ondoa kamba, viuatilifu na vidonge vyote mahali anapoweza kufika, na mpelekeni hospitali. Fedha aliyoomba isitolewe usiku huo. Atakachopata ni mtu pembeni yake.

Ataanguka tena, pengine siku ya 40. Karatasi isichanwe na kikao kipya kisiitwe. Mama amfunikie sahani yake kawa kama kawaida. Akija saa sita ya usiku ananukia gongo, amjibu dirishani kwa sauti ya chini: "Mkeka uko barazani, chakula kiko mezani. Kesho saa nne asubuhi tutaangalia tarehe ya kliniki." Kisha arudi kulala, na saa nne ikifika awe mezani.